Kamba wa tangi: cheri, kristali au Amano kwa joto hili la Tanga?

Chumbageni86: Wakuu, heshima kwenu. Nina tangi la lita 40 sebuleni, samaki nimeshawagawa. Sasa nataka kamba wa mapambo, wale wadogo, na nataka wazaane humo humo. Nimekwama kati ya cheri wekundu, kristali wa mistari myekundu na myeupe, na Amano. Jana mchana maji yalifika nyuzi 30. Nichukue wepi?

FundiTangi: Kristali sahau, mkuu. Wale wanataka nyuzi 20 hadi 24, tena maji laini yenye asidi kidogo. Kwa Tanga hiyo ni mashine ya kupoza maji mchana na usiku, na luku utaikimbia mwenyewe.

Amano ni wachapakazi, ukijani wa kwenye vioo wanaumaliza. Ila atakayekwambia wanazaliana tangini anakupiga kamba, na si kamba wa kufuga. Mayai wanabeba, sawa, lakini watoto wakianguliwa wanahitaji maji ya chumvi ili wakue. Cheri hawana mambo hayo: jike anabeba mayai 20 au 30 chini ya tumbo, wiki tatu au nne hivi, na watoto wanatoka wakiwa kamba kamili, wadogo tu.

Swali: hao samaki uliwahi kuwatibu kwa dawa yenye shaba?

Chumbageni86: Hapana, chumvi tu.

FundiTangi: Afadhali. Shaba inaua kamba.

MamaNgamiani: Cheri ninao mwaka wa pili sasa. Joto lisikutishe sana. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu, ila maji yanapungua haraka. Fidia kwa maji ya mvua, si ya bomba, maana yanayopotea ni maji, chokaa inabaki. Kwenye 28 wangu wanakula na kubeba mimba. Zikikaa 30 siku nyingi, majike wanadondosha mayai.

Kilichonitia hasara si joto. Nilipuliza dawa ya mbu, madirisha wazi, nikajiona mjanja. Kumbe pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuitia majini! Asubuhi kamba kama sitini chali, wamepauka kama waliochemshwa. Mama mkwe akachungulia, akauliza kama huo uduvi ni wa mchuzi.

KunguMkavu: Pole dada. Maji je? Visima vya karibu na bahari vina chumvichumvi, mimi nakwepa. Natumia ya bomba, yale ya bwawa la Mabayani, nayaacha kwenye ndoo wazi siku mbili klorini itoke. Halafu majani ya mkungu: Ulaya wanayanunua kwa pakiti, sisi tunayafagia kila asubuhi. Okota la kahawia lililoanguka lenyewe, suuza, tia moja. Baada ya siku chache linapata utelezi, na watoto wa kamba hawatoki hapo.

FundiTangi: Kwenye kisima nakubishia. Cheri anahitaji chokaa ya kujengea gamba kila anapojivua. Kisima kisicho na chumvi, ukichanganya nusu kwa nusu na ya mvua, kinafaa kabisa. Na chujio liwe la sponji, mengine yanafyonza watoto.

Chumbageni86: Basi cheri. Naweza kuchanganya wekundu na wa bluu?

MamaNgamiani: Usithubutu! Ni aina moja hao, wataingiliana, na baada ya vizazi vichache unabaki na wa rangi ya tope. Chagua rangi moja.

Chumbageni86: Bluu. Tatizo mwenye nyumba anapuliza dawa ya mbu kila Ijumaa, sebule nzima.

MamaNgamiani: Mwanangu, ongea na mwenye nyumba kwanza. Kamba wataletwa hata mwezi ujao.