Hawa watu wa simu huwa wanamuuliza nani kabla ya kutengeneza?

boda_wa_jinja
Wandugu habari za jioni. Mimi ni mtu wa boda hapa Jinja. Mwaka jana nilijinyima nikanunua simu ya maana, brandi sitaji, nikaifunga kwa usukani na holda ili niwe naona ramani na oda za wateja. Miezi mitano tu kamera ikaanza kutetemeka kama mtu wa malaria, picha ni ukungu mtupu, na ukiitikisa karibu na sikio unasikia kitu kinalia ndani. Sasa wanatuletea simu za kujikunja, mara kamera nne, na mimi nataka tu betri ya kutoa kwa mkono, tochi kali na kamera isiyouawa na mashimo ya barabarani. Kuna mtu anatusikia ama tunaongea na ukuta?

FundiKioo_Kla
Pole kaka, huo ugonjwa naujua. Ndani kuna kalensi kananing'inia kwa sumaku ili mkono ukitetemeka picha isiharibike, sasa piki inakatikisa kutwa nzima mpaka kanachoka. Apple wenyewe walionya 2021 kwamba iPhone isifungwe kwa pikipiki zenye injini kubwa, na kwa vile vidogo utumie holda ya kupunguza mtikisiko. Hawakufikiria boda wakati wanachora hiyo kitu, au walifikiria baadaye.

Ya betri usinianzishe. Zamani mgongo unafungua na ukucha. Saa hii mtu akileta betri imevimba, naweka simu kwa hita gundi ilainike, naingiza kikadi cha plastiki pembeni polepole napumua kwa shida, mkono ukiteleza kioo kimekufa na anayelipa ni mimi. Ulaya wana sheria inaanza Februari 2027 betri iwe mwenye simu anaweza kutoa mwenyewe, ingawa wameacha mlango kwa simu zisizoingia maji zenye betri ya kudumu. Hao ndo husikiwa, iPhone ilikubali chaja ya USB-C 2023 kwa sababu ya haohao.

wakala_busia
Mimi nakataa kidogo. Laini mbili mnafikiri ilitoka wapi? Nilikuwa natembea na simu mbili za katochi mfukoni, moja laini ya Uganda moja ya Kenya, ukichanganya unapiga kwa bei ya kulia. Wakubwa walichelewa sana kutuona, ni Tecno na itel ndo walifanya laini mbili kuwa kitu cha kawaida huku kwetu, Tecno wakafika mpaka laini nne, na kamera wakairekebisha ngozi nyeusi isitoke kama kivuli. Na Nokia 1100 ya 2003 mnaikumbuka? Tochi na vibonye visivyoingiza vumbi, ikauza zaidi ya milioni 250. Hiyo ni sikio gani sasa?

kijana_wa_mtaa
Tatizo ni kwamba sisi wenyewe mdomo unasema hivi na mfuko unasema vingine. 2011 Samsung walipoleta Note ya inchi 5.3 watu walicheka eti unaongea na sahani, leo simu ya saizi hiyo tunaiita ndogo. Halafu watu wakalia wanataka iPhone ndogo, wakapewa mini 2020 na 2021, hawakununua vya kutosha, iPhone 14 ikaja bila mini. Google nao walijaribu simu ya vipande unabadilisha kamera au betri kama vipuri vya piki, Ara, ndoto yako kabisa bwana boda, wakaizima 2016. Ile ya kujikunja ya Samsung, Galaxy Fold ya 2019, vioo vilikufa mikononi mwa waliopewa kuijaribu, wakaahirisha miezi, wakarudi, na bado zinatoka. LG wao walileta Wing ya kioo kinachozunguka 2020, mwaka uliofuata wakaacha simu kabisa. Kwa hiyo anayejaribu anaweza kufa, na asiyejaribu hatujui hata tungetaka nini.

boda_wa_jinja
Simu ya vipande walizima?? Hiyo ningeuza mbuzi. Sawa nimeelewa, sasa usukani nimefunga ile ya zamani kioo kimepasuka, nzuri inakaa ndani ya jaketi. Fundi hiyo kamera unabadilisha bei gani, na usinipige ya mzungu.

FundiKioo_Kla
Ilete kwanza niione. Na usije nayo kwa usukani.