Mwanafunzi mgeni Dodoma: tuanzie wapi kabla ya kupanda Hanang?

Binti wa Mvita

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu wa rika.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dodoma, na nyumbani kwetu ni Mombasa. Nilikolelewa, matembezi ni bahari, na hata mtoto mdogo anajua maji yakianza kujaa asiendelee kuokota kome mwambani. Huku nimekuta nchi kavu ya mibuyu, upepo na vilima vya mawe yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni kwamba yale niliyoyajua ya bahari hayanisaidii huku, na nimeshajifunza hilo kwa uchungu.

Novemba iliyopita, kabla mvua hazijaanza, sisi wanafunzi watano tulipanda kilima kimoja cha mawe nje kidogo ya mji. Tulianza saa nne asubuhi, kila mmoja akiwa na chupa ya maji ya nusu lita. Kufikia saa saba mwenzetu mmoja alikuwa anatapika, misuli ya miguu imemkaza, na hakuna aliyebakiwa na tone la maji. Aliyetuokoa ni kijana mchunga mbuzi, wa miaka kama kumi na mmoja hivi. Alitushusha hadi kwenye korongo lililoonekana kavu kabisa, akapiga magoti, akafukua mchanga kwa kipande cha kibuyu mpaka mkono ukazama kufikia bega, kisha akakaa akisubiri bila kusema neno. Baada ya muda maji yakaanza kujikusanya chini, meusi kwanza, halafu meupe kama ya mchele, halafu safi. Alimpa mgonjwa wetu kwanza.

Bibi yake, tuliyemkuta nyumbani kwao, alitupa uji na akatuuliza swali moja tu: tulipopanda, tulimuaga nani? Hatukuwa na jibu.

Sasa tunajipanga kupanda Mlima Hanang, ulioko mkoani Manyara, likizo ya Julai. Tuko sita: Wakenya wawili, Mrundi mmoja na Watanzania watatu wa kutoka Pwani na Kanda ya Ziwa, ambao nao ni wageni wa huku kama sisi. Naomba ushauri wa wenyeji: je, tuko tayari kwa mlima huo, au kuna safari nyingine ya kuanzia? Na mgeni anaaga wapi, kwa nani, kabla ya kupanda kilima cha watu?

Babu wa Makutupora

Mbukwenyi, wanangu. Marahaba, binti.

Nimefanya kazi ya misitu katika mkoa huu tangu ujana wangu hadi kustaafu, na nashukuru kwamba umeeleza yaliyowapata bila kuficha. Nianze na lililomwangusha mwenzenu, kwa sababu limewaangusha wengi wanaotoka Pwani. Dodoma ni nchi ya juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake ni mkavu. Mombasa ukitembea juani jasho linakutiririka, shati linalowa, nawe unajua kwamba unapungukiwa na maji. Hapa upepo unalikausha jasho kabla hujaliona, ngozi inabaki kavu na mtu anajihisi vizuri, mpaka ghafla kichwa kinaanza kugonga. Kwa hiyo msisubiri kiu. Mtu mzima anayepanda vilima vyetu kwa nusu siku abebe lita tatu, anywe kidogo kidogo tangu hatua za mwanzo, na awe na chumvi na sukari ya kuchanganya humo. Muhimu kuliko hayo yote ni saa ya kuondoka: muwe mguuni saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa nne muwe mnashuka. Mawe haya yakishapata moto hayapoi hadi usiku.

Kuhusu yule mtoto, alilofanya ndilo lililotuweka hai Wagogo katika nchi isiyo na mito ya mwaka mzima. Mvua zetu ni za miezi michache, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka hazifiki mara nyingi milimita 600. Maji yakipita juu, mengine yanabaki chini ya mchanga wa korongo, na mwenye kuijua nchi anatazama palipo na kona ya mto au mwamba uliozuia mkondo, hapo ndipo anapofukua. Lakini korongo hilo hilo wakati wa masika ni adui. Mvua inaweza kunyesha mbali, kwenu kukawa na jua, kisha maji yakaja kama ukuta. Msipige hema kwenye mchanga wa korongo hata kama unavutia kwa ulaini wake.

Jambo jingine ni nyuki. Wanakaa katika nyufa za mawe na ndani ya mibuyu yenye uwazi. Mkisikia mvumo, rudini mlikotoka kimya kimya, msipige kelele wala kurusha jiwe. Wakishaamka, kimbieni mbali mkiwa mmefunika uso, na msiishie kukaa chini ya kichaka kilicho karibu. Siku ya kupanda mawe, manukato yabaki chumbani.

Sasa swali la bibi, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa. Katika nchi hii hakuna kilima kisicho na mwenyewe. Kingine ni msitu wa hifadhi, na kibali chake kiko kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Kingine ni malisho ya kijiji, kingine ni mahali pa matambiko ya kuomba mvua, na kwa kuwa huu ni mji mkuu wa nchi, kipo pia ambacho kina mitambo ya serikali ambayo haipigwi picha. Kwa macho ya mgeni vyote ni mawe. Kwa hiyo nendeni kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, mjitambulishe, mseme mko wangapi, mnapanda kupitia wapi na mtarudi saa ngapi. Hiyo si adabu tu. Msiporudi, ndiye atakayejua pa kuwatafuta. Mkichukua kijana wa hapo awaongoze, mlipeni vizuri na mle naye.

Hanang nawaachia wenye mlima wao waseme.

Mwalimu wa Kondoa

Naunga mkono aliyoyasema Babu, na ninaongeza jibu la swali lako la pa kuanzia: anzieni Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani.

Barabara ya Dodoma hadi Babati siku hizi ni ya lami. Mkishapita Kondoa mjini mtafika kijiji cha Kolo, na hapo barabarani kuna ofisi ya mambo ya kale ambako mnalipia kiingilio na kupewa mwongozaji. Huwezi kwenda kwenye michoro bila yeye, na ni vyema hivyo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni zaidi ya miamba 150 yenye michoro, iliyotawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko inayotazama Bonde la Ufa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja hapa mwaka 1951 kuinakili kwa mkono, na kazi hiyo ndiyo iliyoitangaza duniani.

Nawashauri mpande hadi Mongomi wa Kolo, mmoja wa miamba hiyo yenye michoro. Si mbali, ila njia ni ya mwinuko mkali, na itawapima miguu na pumzi bila kuwahatarisha. Mkifika, msikimbilie simu. Kaeni chini ya mwamba dakika kumi, macho yazoee kivuli, ndipo watu wale watakapoanza kujitokeza: wembamba, warefu kupita kiasi, wa rangi nyekundu ya mawe yenye chuma, baadhi yao wakiwa na vichwa vilivyovimba kama nywele zilizofumwa au vinyago. Juu yao utaona michoro mingine, myeupe na minene, ambayo ni ya wakulima waliokuja baadaye. Nimewapeleka wanafunzi wangu mara nyingi, na kila mara kuna mmoja anayeona mnyama ambaye mimi sijawahi kumwona.

Tafadhali msiguse. Na mtu asije akawaambia mwagieni maji kidogo rangi ing'ae kwenye picha. Ni kweli inang'aa, na kila inapong'aa hivyo inabanduka. Mongomi si jumba la makumbusho, kwani wenyeji bado wanakwenda pale kuomba mvua na uponyaji. Mkikuta watu wana shughuli yao, mwongozaji atawaambia msubiri, nanyi msubiri.

Njiani tazameni pia vilima vya Irangi. Makorongo makubwa mtakayoyaona ni kovu la mmomonyoko ulioila nchi hii hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoathirika. Wazazi wetu waliumia sana kuhamisha ng'ombe wao, na miti mnayoiona leo imeota juu ya maumivu hayo. Ningependa wageni walijue hili wanapokaa kivulini.

Katesh Kwetu

Karibuni Hanang, wadogo zangu, ila karibuni kwa utaratibu.

Mlima wetu una mita 3,417. Kutoka Katesh, mji wetu ulio chini ya mlima, mnapanda zaidi ya mita 1,500 na kushuka zote, na wengi hufanya hivyo kwa siku moja ya saa kumi hadi kumi na mbili. Mwanzoni kuna msitu, kisha vichaka, kisha ukingo mrefu wa mawe ambao ndio unaovunja watu moyo, kwa sababu kila kichuguu unachokifikia ukidhani ni kilele kinakuonyesha kingine mbele yake. Juu hakuna maji ya kutegemea. Bebeni lita nne au tano kila mtu, na sweta nzito hata kama Katesh kuna joto, maana Julai upepo wa kileleni unakata. Mkijaliwa anga safi mtaliona Ziwa Balangida chini, jeupe kwa magadi na chumvi. Vibali na waongozaji mtavipata Katesh, na msikubali mtu wa njiani anayesema kibali hakihitajiki.

Julai ni wakati mzuri. Wakati wa mvua msije, na nitaeleza kwa nini. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima yenye mawe laini yaliyolowa ilimeguka, na tope likashuka na magogo na mawe hadi mjini kwetu na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mimi nilikuwa nimelala nyumba ya kaka yangu upande wa juu wa mji, na mlio ule niliudhania kuwa ni ndege ya jeshi. Mtakapopita mtaona palipokuwa na nyumba. Msipige picha hapo mkitabasamu. Mkitaka kuuliza, ulizeni, tutawasimulia.

Mrundi wa Zamani

Nilisoma Dodoma miaka mitatu, kwa hiyo nazungumza kama mgeni kwa wageni. Kila safari bebeni kitambulisho cha chuo na nakala ya kibali chenu cha ukaazi, kwa kuwa mtakaguliwa barabarani na pia mtaulizwa kijijini, na karatasi hizo humaliza mazungumzo mapema.

Kwa heshima natofautiana kidogo na ndugu wa Katesh. Kundi ambalo miezi michache iliyopita liliishiwa maji kwenye kilima kidogo lisipande Hanang kwa siku moja. Laleni usiku mmoja mlimani, muajiri wabebaji wa maji, na mkubaliane kabla kwamba mmoja akichoka wote wanashuka. Sisi hatukukubaliana, tukagawanyika ukingoni kwenye ukungu, na saa mbili za kutafutana zile sitaki mtu mwingine azipitie.

Katesh Kwetu

Sina ubishi, kaka. Kwa kundi hili, siku mbili ni bora.

Binti wa Mvita

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Kolo wote sita. Kabla ya hapo, siku ya Alhamisi, mimi na mwenzangu aliyeugua tulirudi kwa yule bibi, tukampelekea sukari na majani ya chai, na tukaenda naye kwa mwenyekiti wa kitongoji kujitambulisha, ingawa ni miezi saba imepita. Mwenyekiti aliandika majina yetu katika daftari, akatuambia kilima kile kina mapito mawili, nasi tulikuwa tumepita lile lenye nyuki.

Mongomi tulianza kupanda saa moja kasoro. Tulikaa dakika kumi kama alivyoelekeza Mwalimu, na kwa dakika nne za mwanzo sikuona kitu ila mabaka. Kisha nikamwona twiga, shingo tu na mgongo, na nikashindwa kuacha kumwona. Mwenzetu wa Mwanza aliona watu watatu wameinama, akasema wanavuta wavu. Mwongozaji alicheka, akasema kila mtu huona kazi ya kwao. Nilitafuta mtumbwi, sikuupata. Tulishuka saa nne kila mmoja akiwa amebakiwa na maji.

Hanang tumepanga siku mbili, katikati ya Julai, na wabebaji wawili. Ndugu wa Katesh, naomba uniambie: mtendaji tutakayemwona ni wa Katesh mjini, au ni wa kijiji ambacho njia yetu itaanzia?

Katesh Kwetu

Wa kijiji njia inakoanzia, baada ya kupata kibali mjini. Mkifika stendi nijulisheni hapa, nitawapeleka mwenyewe.