Nembo ya jina langu kwa mkono: A au B?

RehemaM: Wadau, nimechorewa nembo mbili za jina langu, picha nimeambatanisha. A ni ya brashi, R ina mkia unaopita chini ya jina zima. B ni ya kalamu ya unene mmoja. Kesho namjibu mchoraji. Nichukue ipi?

Kalamu_Nene: A! Ina uhai. B utadhani fonti ya kupakua.

fundi_vekta: Subiri kwanza. Unafanya kazi gani? Itakaa wapi? Umepewa faili gani?

RehemaM: Napiga picha. Itakaa kwenye kona ya picha na kwenye wasifu wangu wa mtandaoni. Amenitumia PNG.

fundi_vekta: Dai vekta, yaani mchoro wa mistari unaokuzwa bila kuharibika, SVG au PDF, kabla hujamalizia malipo. Mimi mchoraji wangu alipiga mchoro picha kwa simu, akaupitisha kwenye programu inayogeuza picha kuwa vekta yenyewe. Kwenye skrini ilipendeza. Kuipeleka kudariziwa kwenye mashati, kingo zote zina vinundu, na vile vistari vyembamba vinavyounganisha herufi uzi haukuvishika kabisa, jina likasomeka vipande vipande. Nililipa mtu mwingine aichore upya kwa nukta chache za kuongoza mistari, zimekaa pale mkunjo unapofikia kilele. Yale mashati hayakuvaliwa.

Bi_Mchirizi: Mimi naona shida ya A ni zile e mbili. Vitanzi vyake ni vyembamba mno, ukiipunguza vitaziba viwe madoa. Halafu igeuze juu chini: pengo la h na e linazidi mengine yote.

Kalamu_Nene: Coca-Cola ina mikia na inadumu tangu miaka ya 1880.

mzee_wa_nibu: Ule ni mwandiko wa Spencer, aliouchagua mhasibu wao Frank Robinson. Ni mwandiko wa nibu, ile ncha ya chuma ya kalamu ya kuchovya wino, usiulinganishe na brashi.

Kalamu_Nene: Nibu, brashi, unene si unatoka mkononi?

mzee_wa_nibu: Hapana. Nibu iliyochongoka inapanuka ukikandamiza kwenda chini. Kandamiza ukipanda uone inavyochimba karatasi. Brashi inakubali pande zote.

RehemaM: Nimeipunguza A, e zimeziba kweli. Ila B sijioni ndani yake. Nikimwomba R ya A peke yake kwa ajili ya wasifu?

Bi_Mchirizi: Mwombe, ila akate mkia. Kwenye duara dogo hautaonekana.

Kalamu_Nene: Mkia ubaki, ndiyo nembo yenyewe!

fundi_vekta: Na vekta je, umeshamuuliza?

mzee_wa_nibu: Tukiwa hapo hapo, nani ana karatasi isiyosambaza wino wa nibu?