Siku moja tu: mjomba ashukie Tabora au aende hadi mwisho wa reli?

Mpwa wa Fundi
Wakuu, salaam. Mjomba wangu alikuwa fundi wa injini reli, amestaafu kitambo, ana miaka 74. Anapanda treni Dar na wajukuu wawili, wanakwenda harusini Urambo. Ana siku moja ya kuzurura. Ama ashuke Tabora kabla ya harusi, ama baada ya harusi aunganishe hadi Kigoma. Anataka kuona stesheni yenyewe, watoto waone makumbusho, na arudi na kitu cha kumpa shangazi. Magoti hayamruhusu kutembea sana. Mngechagua wapi?

Mtoto wa Kibirizi
Kigoma, na sioni hata kwa nini unauliza. Ukitoka mlangoni pa stesheni, ziwa lile pale na bandari ile pale. Jengo ni la Wajerumani, reli ilifika hapa 1914. Mbele yake Barabara ya Lumumba inapanda mlima chini ya miembe. Mzee akichoka anakaa kivulini, ananunua karanga, anaangalia watu.

Halafu kuna Liemba. Kwa fundi wa injini, hiyo peke yake inatosha safari. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000 na kuletwa Dar, kisha ikapandishwa huku kwa reli hiyohiyo atakayopanda mzee wako. Ikaungwa upya hapa Kigoma. Mwaka 1916, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliona mambo yameharibika wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakaipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwambie mjomba kisa cha ile grisi, atalia. Ila ulizia bandarini kwanza, maana imekuwa kwenye ukarabati, na getini hawaruhusu kila mpita njia.

Mnyamwezi wa Ng'ambo
Mwangaluka! Naona Waha wameshaanza kuuza ziwa. Ziwa si stesheni.

Mpwa, mjomba ni mtu wa reli au mvuvi? Tabora reli ilifika 1912, nyie mwisho wa reli mkasubiri miaka miwili. Na tangu 1928, njia ya Mwanza ilipokamilika, hapa ndipo njia panda: mabehewa ya Mwanza yanakatwa huku, ya Kigoma yanaungwa kule, watu wamelala humo ndani hawana habari. Mzee aliyefanya kazi reli akae kwenye benchi la Tabora saa mbili tu, atasahau magoti.

Kuna jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, fedha hakuna, wakapiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 hapahapa Tabora, ina picha ya tembo, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Leo watu wa mnada Ulaya wanagombania kile kitembo.

Mwalimu Mstaafu
Wote mmesema kweli, ila mmeruka makumbusho, na kwa watoto ndiyo jambo lenyewe. Hapa miji miwili inagawana hadithi moja. Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone 1871. Ipo bustani yenye miembe iliyotokana na mwembe wa zamani, na sanamu za wazungu wawili wanavuliana kofia. Watoto watacheka, waache wacheke. Kwihara, nje ya Tabora, ndipo walipoagana Machi 1872. Livingstone alibaki kwenye tembe akisubiri wapagazi hadi Agosti. Alipofariki, watumishi wake akina Chuma na Susi walipita hukohuko Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, 1873 wakiubeba mwili wake kwenda pwani.

Mimi naipenda zaidi Kwihara. Ni tembe kweli, kuta nene za udongo, dari bapa, baridi ndani hata jua likiwa kali, na mtoto anaona jinsi nyumba za bara zilivyokuwa. Ujiji ni pa kupiga picha.

Lakini piga simu kabla. Mwaka juzi nilipeleka wajukuu sehemu moja ya makumbusho, sitaitaja, tukakuta kufuli. Mwenye funguo yuko msibani. Tulisubiri mpaka saa tisa, tukaishia kula miwa.

Mpwa wa Fundi
Shikamoo Mwalimu. Usafiri ukoje kutoka stesheni? Bodaboda hapandi, nimeshajaribu kumshawishi.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Ujiji ni kilomita 8 hivi, daladala zipo. Kwihara ni kama 6 au 7, ila chukua bajaji, na mkubaliane akusubiri. Usimwachie aondoke kwa ahadi ya kurudi.

Mama Vitenge
Wanaume mmeongea injini na wafu, shangazi wa watu mmemsahau. Kigoma: dagaa, migebuka, mawese, vitenge vya Kongo. Dagaa achague waliokaushwa kwenye chanja, waliokaushwa mchangani utawatafuna na mchanga wao. Vitenge aende Mwanga, hapohapo Kigoma mjini, afungue pande lote aone mwisho wake kabla hajatoa hela. Tabora: asali, michembe na matobolwa (viazi vitamu vya kukausha), na msimu ukiwa umefika, maembe na uyoga. Asali ya nyuki wadogo ni ghali kidogo lakini shangazi ataificha kabatini, hampi mtu.

Na akipita Uvinza, chumvi.

Mtoto wa Kibirizi
Mama Vitenge, umesahau kwamba dagaa behewani ni kesi. Abiria wenzake watamshusha.

Mama Vitenge
Ndiyo maana kuna ndoo ya mfuniko, mwanangu.

Mpwa wa Fundi
Nimemsomea mjomba yote. Kisa cha grisi kanirudisha nisome mara mbili. Halafu akauliza, "Tabora bado wanakata mabehewa usiku?" Basi tumekata tiketi ya kushukia Tabora, Kwihara asubuhi na bajaji, jioni benchi. Kigoma anasema ataenda Liemba ikianza kuelea. Asali lita ngapi zinatosha bila kumwagika kwenye begi?

Mnyamwezi wa Ng'ambo
Tano, kwenye dumu jipya. Aisimamishe wima chini ya kitanda, upande wa dirishani.