Jino lililotibiwa mzizi linauma tena: nirudie, ning'oe au nipandikize? Nimeshatoa zaidi ya laki saba

BintiTabata:
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri maana Jumamosi hii natakiwa nipeleke jibu na mpaka sasa sijui nashika lipi. Mwezi wa pili nilitibiwa mzizi wa jino, yaani kusafishwa ndani na kujazwa, kwenye kliniki moja ya binafsi hapa Dar, laki mbili na themanini, halafu wakaniambia lazima livishwe kofia, ganda gumu la kulifunika, la sivyo litapasuka, kofia laki nne na nusu. Nikakopa kwenye kikoba nikalipa. Miezi minne tu limeanza kuuma nikitafuna, na kwenye fizi pametoka kijipu kama chunusi, nikikibinya kinatoa maji ya chumvichumvi yana harufu. Nimerudi, wakapiga eksirei wakasema kuna maambukizi, kwa hiyo wavunje kofia watibu upya kwa laki tatu na nusu, kofia mpya nilipie mbali, au wang'oe wapandikize jino bandia la skrubu inayoingia kwenye taya kwa milioni mbili na laki mbili. Kung'oa tu nikaacha pengo hawakukutaja mpaka nilipouliza mwenyewe. Mngekuwa mimi mngechagua lipi?

MzeeWaUpanga:
Pole sana binti yangu. Lakini mbona hujasema jino lenyewe ni lipi? Juu au chini, gego au la mbele linaloonekana ukicheka? Una miaka mingapi, una sukari, una bima? Na picha za eksirei unazo wewe au zimebaki kwao? Bila hayo utapewa ushauri wa kubahatisha tu.

KijanaWaMbezi:
Ng'oa dada. Mimi niling'oa gego 2016, elfu thelathini, sindano ya ganzi, dakika kumi nimetoka na pamba mdomoni, mpaka leo natafuna nyama upande uleule. Hizi habari za kofia na skrubu ni za wenye pesa za kuchezea. Jino likishaanza usumbufu halina msamaha.

MamaWatatu:
@KijanaWaMbezi usimwambie mwenzio ang'oe kirahisi hivyo, ngoja nimsimulie yaliyonikuta.

Dada, mimi niling'oa gego la chini, nikakaa na pengo mwaka mzima, nikaona chakula kinakwama nikaenda kliniki nyingine, jina silitaji. Wakanishauri daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya pembeni. Sikuelewa kwamba ili daraja likae wanasaga meno mawili ya pembeni, na yangu yalikuwa mazima kabisa, hayajawahi kuuma hata siku moja. Nikakaa kwenye kiti nasikia ile mashine inalia na harufu ya kuungua, nilipopewa kioo nikaona meno yangu mawili yamebaki vijiti vidogo kama mbegu za boga. Nililia palepale. Nikalipa laki tisa kwa awamu tatu. Mwanzo lilikaa vizuri, shida jino lenyewe lilikuwa jeupe kuliko mengine na chini yake chakula kinaingia, sikufundishwa hata kupitisha uzi. Baada ya mwaka na miezi kadhaa nikaanza kusikia harufu mbaya asubuhi, mume wangu naye akaniambia kwa upole. Ikafika Ramadhani, tunafuturu, nauma muhogo wa kuchoma nikasikia kitu kimekatika, kutoa mkononi daraja lote lipo na ndani yake kuna kipande cha jino langu cheusi. Yale meno mawili yalikuwa yanaoza chini ya kofia muda wote huo mimi sina habari. Nimerudi kudai wakasema dhamana ni miezi kumi na miwili na imeshapita. Nilienda kuziba pengo la jino moja, sasa hivi nina pengo la matatu na navaa meno ya kuvua.

Kwa hiyo kabla hujang'oa jiulize hilo pengo utaliziba na nini. Na usiruhusu mtu aguse meno yako mazima.

BintiTabata:
Dah pole dada yangu, imeniuma hadi mimi. Samahani wakuu sikueleza vizuri. Ni gego la chini kulia, lile kubwa la kwanza, la pili kutoka mwisho maana la mwisho kabisa halijaota. Nina miaka 31, sina sukari, bima ya kazini ipo ila waliniambia inalipa kung'oa na kuziba tu. Picha ya eksirei sina, niliiona kwenye kompyuta yao wakaizima.

TabibuKinywa:
Niseme kidogo maana ndiyo kazi yangu ingawa bila kukuona siwezi kukupa jibu. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mizizi miwili lakini mifereji ndani yake, vile vijitundu vyembamba vinavyopitisha mishipa ya jino, ni mitatu, wakati mwingine minne. La juu lina mizizi mitatu na mara nyingi mifereji minne, huo wa nne ni mwembamba na unajificha. Mfereji mmoja ukiachwa bila kusafishwa, bakteria wanabaki humo, ndani ya miezi unaona hicho kijipu, hicho ni mlango wa usaha kutokea. Kwa hiyo swali la kuwauliza ni hili: mlisafisha mifereji mingapi, na kwenye picha ya mwisho ule ujazo, dawa ya kuziba mfereji, ulifika karibu na ncha ya mzizi au uliishia njiani? Ujazo unaonekana mweupe kwenye eksirei, hata wewe utauona.

Jambo la pili, kofia si lazima ivunjwe. Ikiwa imekaa vizuri pembeni na jino halijaoza chini yake, mara nyingi daktari anatoboa tundu juu ya kofia, anatibu kupitia hapo, kisha anaziba tundu. Umeambiwa hilo? Ila kama mzizi umepasuka kwa urefu hapo hakuna la kurudia, ni kung'oa. Ndiyo maana picha ni muhimu kuliko maoni yetu wote hapa.

KijanaWaMbezi:
Sasa mkuu si umekubali mwisho ni kung'oa tu.

TabibuKinywa:
Sijasema hivyo. Nimesema KAMA mzizi umepasuka.

MtuWaPwani:
Mimi niko Mombasa, nilitibiwa mzizi mara ya pili kwenye jino kama hilo hilo na sasa ni mwaka wa tano halijanisumbua. Tofauti ilikuwa mtu, si mashine. Wa pili alinifunika mdomo na kile kimpira wanachotoboa tundu jino likatokeza peke yake ili mate yasiingie, wa kwanza hakukitumia, alijaza pamba tu. Muulize dada kama walimfunika.

BintiTabata:
Hapana, pamba tu na ile bomba ya kunyonya mate.

MzeeWaUpanga:
Binti yangu, usirudi kwa hao Jumamosi kabla hujaonwa na mwingine. Nenda Muhimbili, au kule MUHAS madaktari wa meno wanakofundishwa, utaonwa na bingwa wa mizizi ambaye hana haja ya kukuuzia skrubu.

FundiSelemala:
Mzee shikamoo, lakini hospitali ya serikali niliyoenda mimi nilipewa tarehe ya wiki tano mbele na jino linaniuma silali. Mtu wa mshahara atapata wapi siku nne za kuomba ruhusa kazini? Binafsi unalipa ila unahudumiwa jioni.

MzeeWaUpanga:
Marahaba. Yeye sasa hivi hana maumivu ya kutolala, ana kijipu. Anao muda wa kusubiri kidogo. Pesa ya kikoba hana.

ArushaDamu:
Kuhusu kuuziwa matibabu usiyohitaji na mimi nina langu. Sisi wa huku Meru meno yetu ni ya kahawia kwa sababu ya madini ya floridi yaliyozidi kwenye maji, na magadi tunayopikia yanaongeza. Nilipohamia Dar kliniki moja ikaniambia meno sita ya mbele yameoza yote yavikwe kofia, karibu milioni tatu. Nikaenda kwingine nikaambiwa hayajaoza hata moja, ni rangi. Nilisimama nje nikatetemeka kwa hasira, maana nilishaanza kutafuta mnunuzi wa pikipiki.

MamaWatatu:
Mungu alikuokoa. Hivi na watoto waliozaliwa huko wanafanyaje?

ArushaDamu:
Ni kuwapa maji yasiyo na floridi nyingi, hasa kabla meno ya ukubwani hayajaota. Kuna kituo cha utafiti pale Ngurdoto wanachuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Wengine tunakinga ya mvua.

TabibuKinywa:
Turudi kwa dada. Picha ya jino lako omba upewe, ni kumbukumbu za matibabu yako. Na uulize aliyekutibu ni daktari wa meno mwenye shahada au ni tabibu wa kinywa na meno mwenye stashahada, si dharau, kila mmoja ana mipaka ya kazi yake. Madaktari wa meno wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na malalamiko yanapokelewa huko.

BintiTabata:
Nimetoka kule kliniki sasa hivi wakuu. Mapokezi walisema picha haitoki mpaka daktari akubali, nikakaa saa mbili kwenye benchi, mwishowe dada mmoja akanigeuzia kompyuta nikapiga na simu. Kwenye mzizi wa nyuma naona mstari mweupe mmoja umefika chini, wa mbele nao ni mmoja tu na umeishia katikati. Chini ya huo wa mbele kuna kivuli cheusi cha mviringo.

TabibuKinywa:
Mzizi wa mbele wa gego hilo huwa una mifereji miwili. Nitumie inbox hiyo picha, na bingwa aione kabla hujalipa hata shilingi.

KijanaWaMbezi:
Na wakirudia ikashindikana tena? Atakuwa ametoa milioni na zaidi kwa jino moja.

MtuWaPwani:
Wanapaswa kurudia bure huo mfereji waliouacha, hilo ndilo la kudai.

BintiTabata:
Nikiwadai hivyo watanitibu kwa moyo kweli? Hicho ndicho naogopa. Jumamosi nimewaambia siendi, Alhamisi nimeomba ruhusa niende Muhimbili, kule Upanga.

FundiSelemala:
Wadau samahani naingilia, hivi mtoto wa miaka sita gego lake limeoza, ni la utoto au ndio la kudumu? Mama yake anataka ling'olewe kesho.

TabibuKinywa:
Usiling'oe kwanza. Hesabu kutoka katikati, ni la ngapi?