Mteja wa Kampala kadaiwa mara 100, wa Muscat kakatwa kiduchu

KarafuuDukani
Wakuu, naombeni msaada. Niko Unguja, nina duka la viungo mtandaoni, programu nimeiandika mwenyewe. Miaka miwili nimeuza Tanzania na Kenya bila tatizo. Mwezi uliopita nikafungua Uganda na Oman. Mteja wa Kampala, mzigo wa shilingi 45,000 za kwao, akaletewa dai la 4,500,000! Benki yake ikakataa, bahati yetu sote. Wa Muscat alitakiwa alipe riali 12.500, akakatwa 1.250. Huyo hakulalamika. Juzi kaagiza tena, iliki kilo tatu. Watu wa malipo wanasema wao wanakata ninachotuma. Na mimi natuma bei mara 100, basi. Nimekosea wapi?

FundiSeva
Umeshajijibu, mkuu: hiyo 100. Huduma ya malipo inataka kiasi kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu. TZS (shilingi ya Tanzania) na KES (ya Kenya) zina senti (ingawa senti yenyewe hujaishika tangu utotoni), ndiyo maana hukuumia mapema. Angalia ISO 4217, orodha ya kimataifa ya alama za sarafu: TZS na KES tarakimu 2 baada ya nukta, UGX (Uganda), RWF (Rwanda) na BIF (Burundi) 0, OMR (Oman) 3, maana riali moja ni baisa 1,000. Weka jedwali hilo kwenye programu: 2 zidisha kwa 100, 0 usizidishe, 3 zidisha kwa 1,000. Ila soma kwanza maelekezo ya hao watu wako, kwa sababu wapo wanaotaka UGX itumwe kana kwamba ina senti.

Shemeji_Hamburg
Na bei usiitume kama maandishi "12.500". Huku Ujerumani nukta inatenga maelfu, mtu atasoma elfu kumi na mbili na mia tano. Tuma 12500 na OMR; nukta au koma iwekwe kwenye skrini ya mteja, kwa lugha yake. Saa ya kupeleka mzigo nayo, andika 08:00+03:00 (saa 2 asubuhi, saa za Afrika Mashariki). Ukituma "saa 2" utakesha unapokea simu.

KarafuuDukani
Asanteni sana. Jedwali limeingia, wa Kampala kalipa 45,000 kamili. Wa Muscat nimemwandikia kuhusu riali 11.250 zilizobaki. Kajibu: "Mwanangu, mimi nilidhani ni ofa ya Ramadhani." Nusu atalipa, nusu nimemsamehe. Oda ya iliki nimeisimamisha kwanza.