Nadai milioni 9 za tofali, mkandarasi ananizungusha. Nianzie wapi mahakamani?

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nafyatua tofali Kigamboni. Mwezi wa tano mwaka jana mkandarasi mmoja alichukua kwangu tofali 9,000 za inchi 6, shilingi 1,500 moja hadi saiti. Jumla 13,500,000. Alitanguliza milioni 4, mwezi wa tisa akanirushia laki tano kwenye simu, tangu hapo ni kalenda tu. Zimebaki milioni 9.

Mkataba wa maandishi hatuna. Nina hati za kupokelea mzigo za safari 30 za Fuso. Safari 26 alisaini mlinzi wa saiti, 4 hazina saini, mvua ilikuwa inanyesha na dereva ana haraka. WhatsApp kuna ujumbe wake: "Kaka vumilia, mwenye jengo akinilipa na wewe nakulipa." Jengo lenyewe lina wapangaji sasa hivi. Nikipita na bodaboda naona mapazia madirishani, na tofali zangu zimepigwa rangi ya maziwa.

Nimshtaki nani, yeye au mwenye jengo? Na ni mahakama gani? Wakili niliyemuona anataka laki nane kwanza.

Mzee wa Saiti: Pole mkuu. Nenda kituoni, mpe afande chochote, jamaa alale ndani siku mbili. Utalipwa kabla ya chai.

Karani Mstaafu: Mzee wa Saiti, acha kumpoteza mwenzio. Deni la biashara ni madai, si jinai. Polisi hawakusanyi madeni, na ukimweka mtu ndani kwa njia hiyo anaweza kukugeuzia kibao, ukawa mdaiwa wewe.

Mleta mada, milioni 9 inaingia Mahakama ya Mwanzo. Kwa madai ya fedha ukomo wake ni milioni 30 tangu marekebisho ya 2016. Kesi huendeshwa kwa Kiswahili, unaweza kusimama mwenyewe, laki nane kaa nazo. Fungua eneo anakoishi mdaiwa au mlikofanyia biashara. Mwenye jengo mwache, hukuuziana naye. Hiyo ya "akinilipa nakulipa" haikuhusu, isipokuwa kama mlikubaliana hivyo tangu mwanzo.

Kwanza mwandikie barua ya madai: kiasi, tarehe za mzigo, alicholipa, siku 14 za kulipa. Mpelekee kwa mtu atakayesaini kuwa ameipokea. Bakiza nakala.

Dada Nondo: Mimi lililonikuta sitaki limkute mtu. Nilimshtaki mtu kwa jina lake, siku ya kusikilizwa akatoa oda yangu mwenyewe, juu imeandikwa jina la kampuni. Hakimu akaniambia niliyemshtaki siye niliyemuuzia. Miezi minane ikaenda na maji, nikaanza upya. Kisheria kampuni ni mtu mmoja, mwenye hisa ni mtu mwingine. Angalia ile laki tano ilitoka namba ya nani, milioni 4 ilitoka akaunti ya nani, oda ilisemaje. Kisha itafute kampuni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kabla hujalipa ada ya kufungua kesi.

Mleta mada: Milioni 4 alinipa taslimu. Laki tano ilitoka namba yake, jina lake kamili. Kampuni sijawahi kuisikia mdomoni mwake.

Karani Mstaafu: Basi ni yeye. Na hiyo laki tano usiidharau. Madai ya mkataba yana miaka 6, na mtu akilipa sehemu ya deni muda unaanza kuhesabiwa upya. Ujumbe wa WhatsApp nao ni ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupokea. Usiufute na hiyo simu usiiuze. Hakimu atataka kujua ulitunzwaje, na picha ya skrini peke yake ataibishia.

Safari 4 zisizo na saini, mlete dereva na daftari lake.

Bwana Mizani: Kushinda ndiyo sehemu rahisi. Mimi nina hukumu ya 2019 kabatini. Dalali wa mahakama alipofika, mashine ya zege ilishahama na gari lina jina la shemeji. Wakati huu jamaa yako bado anajiona salama, chunguza ana nini: kiwanja, gari, nani anamdai na nani anadaiwa naye. Kama mwenye jengo bado hajamlipa, kuna njia ya kuomba mahakama fedha ile ije kwako moja kwa moja. Kwenye mahakama za juu ya hiyo ya Mwanzo kumfunga mdaiwa pia kupo, ila chakula chake unalipia wewe. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu kama mwehu.

Dada Nondo: Na asipofika ukasikilizwa upande mmoja, usichinje mbuzi. Akionyesha samansi, yaani wito wa mahakama, haikumfikia, hukumu inatenguliwa. Hakikisha aliyempelekea amekula kiapo kuwa aliipeleka.

Mzee wa Saiti: Haya, nimenyamaza. Ila mlinzi muhimu. Bila yeye hizo saini 26 ni michoro.

Mleta mada: Barua imeenda jana, mkewe kaisaini. Jioni jamaa akapiga mara tatu, sikupokea, nikamwambia aandike. Ameandika: "Nitakupa milioni 2 mwisho wa mwezi, hiyo 7 tuongee." Mlinzi nimempata, alishaacha kazi, yuko Chanika anauza chipsi. Anasema atakuja, anachotaka ni nauli na mtu wa kumshikia kikaango.